Amani ya Kiwanda

Mwenyekiti wetu wa tawi alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto. Simsifu ninaposema hivyo. Kiwandani kwetu, kiwanda cha minofu ya sangara huku ufukweni, mashine zinanguruma kutwa nzima na watu wanazungumza kwa kupaza sauti, wengine wanapaza mpaka wakifika nyumbani watoto wanawashangaa. Yeye hakupaza hata mara moja. Ukimwendea na hasira zako alishusha sauti mpaka ulazimike kumsogelea, ukishamsogelea anakushika bega, na ukishashikwa bega ugomvi unakuwa mgumu. Nimeona wanaume wakiingia ofisini kwake wanatetemeka kwa hasira, aproni zimejaa damu ya samaki, halafu wakatoka wakisema, "Asante, Mwenyekiti." Ukiwauliza wameambiwa nini, walikuwa hawajui.

Alituongoza miaka mingi. Nilipoajiriwa nilimkuta kiwandani, hajawa kiongozi, na wengi waliokuja baada yangu walimkuta na wakaondoka wakamwacha. Jina lake silitaji. Ana wajukuu wanaosoma hapa mjini, na wajukuu hawajanikosea kitu.

Alipenda kusema, "Haki haina haraka." Alilisema hilo kwenye mikutano, kwenye foleni ya chakula, hata getini jioni tulipokuwa tunasubiri kukaguliwa mifuko ili ijulikane nani kaiba mabondo, vile vibofu vya sangara vyenye bei kuliko minofu. Mtu akilalamika kwamba mlinzi wa kiume anampapasa dada mbele za watu, Mwenyekiti anatikisa kichwa kwa huzuni kabisa, huzuni ya kweli, kisha anasema, "Nimelisikia. Nitalifikisha. Haki haina haraka, wanangu." Na alilifikisha kweli. Alifikisha kila kitu. Sisi tulijua yanafika, ila hatukuwahi kuona yakirudi.

Sheria aliijua. Hapo nisimdhulumu. Wapo viongozi wa matawi ambao hawajui tofauti ya onyo na kufukuzwa, lakini huyu wetu ungemwamsha usingizini akakutajia kifungu. Alijua mwajiri anapaswa kukuita na kukusikiliza kabla hajakuachisha. Alijua mkataba wa muda maalum unaruhusiwa kwa kazi gani. Sherehe za wafanyakazi zikifika alisimama uwanjani na kofia ya chama, akayasema yote hayo kwa mpangilio, na watu wa viwanda vingine wakatuambia, "Ninyi mna bahati." Tukajisikia tuna bahati.

Kosa letu lilikuwa kudhani mtu anayeijua sheria yuko upande wa sheria.

Kuna jambo moja alilifanya zamani, na kwa ajili yake tulimsamehe mengi. Wakati huo sisi akina mama wa meza ya kukwangua ngozi tulikuwa tunasimama kwenye maji ya barafu na mabuti yaliyopasuka. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kama minofu yenyewe. Tuliomba mabuti mpaka tukachoka kuomba. Siku moja, kabla hajawa mtu mkubwa, alivua mabuti yake mbele ya meneja wa uzalishaji, akasimama peku ndani ya yale maji. Meneja akamwambia atoke. Hakutoka. Wenzake wawili watatu nao wakavua. Wiki haikuisha, mabuti yakaja. Wageni wote walihadithiwa habari hiyo, nami niliwahadithia wengi. Sasa naona tulikula kiporo kile kwa muda mrefu mno. Mtu aliyesimama peku siku ile alikuwa ameshaondoka, tukabaki tunampigia makofi aliyevaa viatu vyake.

Wakubwa wa kiwanda walivyomwondoa pale ni rahisi kueleza. Hawakumtisha. Walimtoa mezani wakampa chumba kidogo karibu na stoo, chenye meza, feni na dirisha linalotazama ziwa. Wakasema kiongozi wa wafanyakazi anahitaji mahali pa kusikilizia watu. Mikono yake ilikuwa imeanza kukakamaa kwa sababu ya barafu, kama inavyokakamaa mikono ya kila mtu akidumu pale. Kwenye kile chumba mikono ikapona. Baadaye kijana wake akaajiriwa stoo. Hakuna aliyemwambia, "Ukituudhi tutakurudisha mezani." Hapakuwa na haja. Kila asubuhi alikuwa anapita mbele ya meza zetu akielekea chumbani kwake, na mikono yetu aliiona.

Na tena alikuwa mtu wa misiba. Ukifiwa, hata kama msiba uko Sengerema ndani, alivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga na wenzake wawili, anakaa chini na wazee, anakula alichopewa, anaimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake mpaka mama mkwe wako anauliza huyu bwana mwema ni nani. Nilipofiwa na baba alikaa siku mbili. Alichimba kaburi. Udongo wa kaburi la baba yangu uko kwenye mikono ya yule mtu, na simpendi, na hilo la kaburi silifuti.

Nieleze sasa habari ya Kabula, maana bila hiyo chuki yangu itaonekana ya bure.

Kabula alikuwa anafanya kazi kulia kwangu, meza moja. Binti mpole wa kutoka upande wa Magu, mchapakazi, kisu chake kilikuwa hakigusi mfupa. Alipopata mimba ya kwanza miguu ilivimba mapema sana. Mwenyekiti alimwona akipita, akaenda chumbani kwake akarudi na kigoda chake mwenyewe, akamwekea. Msimamizi alipotaka kukiondoa, Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "Kiache." Kikaachwa. Kabula alilia machozi ya shukrani juu ya samaki.

Siku hizo ndipo habari za sheria mpya zilipoanza kusikika redioni. Walisema sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho, na katika hayo lilikuwepo la akina mama wanaojifungua watoto njiti: kwamba likizo ya mama wa namna hiyo inaongezwa, ahesabiwe pia ule muda ambao mtoto angekuwa bado tumboni. Tulilisikia tukiwa kazini, likapita sikio moja. Nani anajiandalia njiti?

Kabula alijifungua mimba ikiwa haijatimia, mbali kabisa na kutimia. Nilikwenda kumwona wodini. Mtoto alikuwa mdogo hata nikaogopa kumtazama, amelazwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kofia imemfunika mpaka machoni. Wakamwita Masalu. Muuguzi akatueleza kwamba joto la mama ndilo dawa, na maziwa ya mama ndiyo dawa nyingine, na kwamba mtoto huyu atahitaji vyote viwili kwa muda mrefu kuliko watoto wengine.

Likizo ya kawaida ilipoishia, Masalu alikuwa ndiyo kwanza amefikia ukubwa wa mtoto anayezaliwa. Kabula alikwenda kwa Mwenyekiti. Nilikuwa naye, alinishika mkono njia nzima.

"Baba," akasema, "nasikia redioni kuna kuongezewa siku kwa wenye njiti."

Mwenyekiti akamkalisha, akamuuliza habari za mtoto, akauliza ananyonyaje. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, hiyo sheria ipo, lakini bado iko Dodoma. Haijashuka huku. Lazima itungiwe kanuni, waajiri waelimishwe. Ukiidai sasa watakuona mkorofi, na wewe unajua kuna maneno ya kuwahamishia watu kwa wakala wa vibarua. Rudi kazini. Mimi nitalifikisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa Mungu. Bibi yake si yupo?"

Kabula akarudi kazini.

Bibi, mama mkwe wake, alimfunga mtoto kifuani kwake kama muuguzi alivyofundisha. Lakini maziwa hakuwa nayo. Kabula alikuwa anakamua chooni wakati wa mapumziko, kwenye kikopo, na pale kiwandani hapakuwa na mahali pa kukiweka kikopo hicho isipokuwa kwenye barafu ya samaki. Baada ya muda maziwa yakaanza kupungua. Jioni moja tulimkuta yule bibi getini, amemfunga mtoto, amekuja kwa miguu kutoka Igoma. Akatuambia kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, "Anarara tu. Hataki kunyonya. Anarara tu." Kabula alimfunua mtoto, na sote tuliokuwa pale tuliona mbavu zake. Wakaenda hospitali hapo hapo, Kabula akiwa bado na aproni yake.

Masalu akalazwa tena. Msimamizi akaandika kwamba Kabula ni mtoro.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimfuata mama mmoja tunayesali naye ambaye ni katibu wa tawi kwenye kiwanda kingine. Nilimuuliza kama kwao hiyo sheria imeshashuka. Akanishangaa.

"Kushuka kutoka wapi? Sheria ikishaanza kutumika imeanza. Kwetu yupo mama ameshapewa."

"Mwenyekiti wetu anasema bado."

Akasimama. Akaniangalia kwa namna ya mtu anayepima aseme au asiseme.

"Mama Sayi, tulikuwa wote semina ya hiyo sheria, pale mjini, yeye kakaa mbele yangu. Mbona ni yeye aliyeuliza hilo swali? Aliuliza kabisa, mama akijifungua njiti siku zake zinahesabiwaje, na akajibiwa. Akauliza na mara ya pili ili ahakikishe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Watu walinisalimia njiani, sijui niliwajibu nini.

Nilimweleza Kabula pale wodini. Hakulia. Alimpanga mtoto vizuri kifuani, akasema, "Twende huko kunakosuluhishwa. Bila yeye." Ndivyo tulivyokwenda tume ya usuluhishi, wanawake wawili tusiojua hata tuingilie mlango upi. Karani alitusaidia kueleza shauri letu na siku ikapangwa.

Siku hiyo ilipofika tulikuta wameshaketi. Meneja utumishi alikuwa upande wa pili wa meza, na kando yake, kiti kwa kiti, alikuwa Mwenyekiti. Alivaa shati jeupe. Akatuamkia kwa macho kama mtu aliyetutangulia kanisani.

Msuluhishi alikuwa dada wa makamo, mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Kabula. Alimsikiliza meneja, ambaye alisema kampuni haikuwa na taarifa kamili. Ndipo Mwenyekiti akaomba kusema.

"Mheshimiwa, sisi viongozi tunaona jambo hili lingeishia nyumbani. Kiwanda ni familia. Hawa ni wanangu, wamepotoshwa kidogo tu na haraka."

Msuluhishi akamuuliza, "Mzee, wewe hapa unamwakilisha nani?"

Alinyoosha kola ya shati lake jeupe. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Naiwakilisha amani ya kiwanda."

"Amani haijaleta shauri hapa," akasema yule dada. "Aliyeleta shauri ni huyu mama. Una la kusema kwa niaba yake?"

Akatazama mikono yake juu ya meza, ile mikono iliyopona.

Meneja aliona mambo yanakoelekea, akakubali kabla ya mchana. Kabula akarudi nyumbani kumalizia siku alizostahili, na mshahara wake, na neno utoro likafutwa. Kwenye ngazi tulipokuwa tunashuka Mwenyekiti alitupita. Alimgusa Kabula begani, akasema, "Hongera, mwanangu. Mungu amejibu." Mimi nilimwona akienda mpaka akaingia kwenye gari la kampuni, akakaa nyuma.

Kabula aliepuka adhabu, mimi sikuiepuka. Nilihamishiwa chumba cha baridi. Waliniambia ni mzunguko wa kawaida wa kazi. Nilipokwenda kulalamika, Mwenyekiti alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atalifikisha.

Uchaguzi wa tawi ulifanyika muda si mrefu baadaye. Nilizunguka. Nilizungumza na watu mezani, chooni, kwenye foleni, nikawaeleza habari ya semina. Walinisikiliza. Wengine walimtukana. Siku ya kunyoosha mikono, mikono ikanyooshwa kwa ajili yake, mingi mno. Nilizitazama nyuso za waliomchagua nikaona kila mmoja alikuwa na kaburi lake ambalo Mwenyekiti alilichimba au kuliimbia. Kabula alikuwa amesharejea kazini. Alisimama karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Hakumchagua, hakumkataa. Nilimuuliza baadaye kwa nini.

"Alinipa kigoda, Mama Sayi," akasema. "Nilijaribu kunyoosha mkono wa kumkataa. Mkono ukakataa."

Tulinuniana siku nyingi kwa ajili hiyo. Yeye ndiye aliyeanza kunisemesha, nami nilimjibu, lakini sikuelewa, na mpaka leo sielewi.

Mwenyekiti alimaliza utumishi wake bila kumaliza muhula wake. Umri ulifika. Kampuni ilimfanyia sherehe, kukawa na soda na wali, meneja utumishi akasema hajawahi kufanya kazi na kiongozi mwenye hekima kama yule. Nadhani hiyo ndiyo kweli pekee niliyowahi kumsikia meneja akiisema. Sikula ule wali. Najua ni mambo ya kitoto.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa natoka kumwona dada yangu Geita, gari limevuka daraja jipya la Busisi kwa dakika chache, mahali ambapo zamani tulipoteza nusu siku tukingoja kivuko, na lilipofika Usagara likaharibika. Tukaambiwa tushuke tusubiri jingine. Nilikuwa na mkungu wa ndizi mkono huu na kuku kwenye kikapu mkono huu. Nikaenda kusimama kwenye kivuli cha duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye benchi la duka hilo alikuwa amekaa Mwenyekiti.

Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijageuka.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema, maana mtu mzima ni mtu mzima.

"Marahaba, Mama Sayi. Marahaba, mwanangu. Bado wamekuweka baridini?"

"Bado."

Akatikisa kichwa kwa ile huzuni yake. Aliniuliza habari za kifua changu, za wanangu kwa majina, za mama. Halafu akasema, "Na Masalu? Ameanza kukaa?"

"Anakaa. Anataka kusimama."

"Mungu ni mwema. Ni wa kuchelewa kidogo hao, msimharakishe. Mimi nilikuwa namwombea kila siku yule mtoto. Kila siku, Mama Sayi."

Nilimwamini. Ndiyo maana damu ilinipanda kichwani. Laiti angekuwa amemsahau, ningesema ni mtu mwenye mengi, hakumjali, basi. Lakini alimkumbuka kwa jina. Nikajikuta nimeuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ile ya kanisani.

"Mwenyekiti, kule semina uliuliza habari ya njiti. Ulikuwa unauliza kwa ajili ya nani?"

Hakushtuka, wala hakukana. Alitazama barabara, malori yanayokwenda Shinyanga na yale yanayokwenda darajani.

"Kwa ajili yake," akasema. "Kabula. Nilikuwa naiona ile miguu. Nilijua hatafika miezi tisa."

"Na ukajibiwa."

"Nikajibiwa."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alifikiri. Sidhani kama alikuwa anatafuta uongo. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema.

"Ningemwambia, angedai. Akidai, wangeniita waniulize kaambiwa na nani." Akageuza viganja vyake juu, akavitazama. "Ungekuwa kwenye kile chumba ungejua."

"Mimi niko kwenye chumba cha baridi," nikamwambia.

Konda akaita, gari jingine limekuja, watu wakaanza kusukumana. Mwenyekiti alisimama kwa taabu, akajinyoosha, akasema nimsalimie Kabula na nimbusu mtoto. Kisha akanyoosha mkono.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa na mizigo. Mkungu ulikuwa mzito, lakini ningeweza kuuweka chini. Yeye alisubiri, mkono umenyooka, uso mpole, na abiria mmoja aliyetuona akaniambia, "Mama, lete nikushikie hizo ndizi umuage mzee."

Nikamwambia, "Usijali, baba, nimezishika mwenyewe." Nikapanda gari.